Laptopu moja ya gemu na kazi za kila siku, idumu na isiumize mfuko: niangalie nini?

Kibodi_Usiku aliuliza:

Wakuu, habari zenu. Natafuta laptopu moja ya kubeba mambo mawili. Mchana ni kazi: hati, majedwali makubwa ya Excel, vichupo 20 na zaidi kwenye kivinjari, mikutano ya video, na kuhariri video fupi za 1080p mara mojamoja. Jioni ni gemu: Valorant, EA Sports FC, GTA V, na ningependa mapya mawili matatu yaende kwa 1080p bila kugandaganda, hata kama mipangilio si ya juu kabisa.

Sharti langu kubwa ni uimara. Nataka mashine ifike miaka mitano, iweze kufunguliwa, kusafishwa na kuongezewa vipuri. Bajeti ni ya ngazi ya chini ya laptopu za gemu.

Yanayonichanganya: naona laptopu mbili zina GPU (chipu ya michoro) ya jina lilelile lakini bei zimepishana mno, kwa nini? RAM ya 16GB inatosha? Nichukue mpya ya bei ya chini au used ya daraja la juu? Na kwa kawaida huanza kufa kitu gani?

Wati_Kamili alijibu:

Mkuu, nianze na hilo la bei kupishana, maana mengi yanategemea hapo. Nvidia hutoa chipu, lakini mtengenezaji wa laptopu ndiye anayeamua ailishe wati ngapi. RTX 4050 na RTX 4060 za laptopu zimeruhusiwa kuanzia wati 35 hadi 115. Kwa hiyo 4060 ya wati 45 iliyobanwa kwenye mashine nyembamba inaweza kabisa kupitwa na 4050 ya wati 95 yenye feni mbili na mabomba ya shaba ya kutosha. Jina linafanana, kazi haifanani.

Wati hizo utaziona kwenye ukurasa wa mtengenezaji, zimeandikwa TGP au Maximum Graphics Power, yaani wati za juu kabisa za GPU. Ukiwa na mashine mkononi, fungua NVIDIA Control Panel, ingia Help, kisha System Information, utakuta mstari wa Maximum Graphics Power. Tafuta kwa namba kamili ya modeli iliyo kwenye kibandiko cha chini, usitumie jina la familia tu. Ndani ya familia moja huwa kuna matoleo mengi yenye wati, skrini na chaja tofauti, na muuzaji anaweza kukusomea sifa za toleo lingine bila hata kujua.

Angalia pia kama namba imeandikwa kwa kujumlisha, mfano 80 + 15. Hizo 15 ni Dynamic Boost: GPU huziazima kutoka kwa prosesa pale prosesa inapokuwa haina kazi nyingi. Kwenye gemu linalokamua prosesa huzipati. Na kwa 4060, ukishavuka wati 100 hivi faida inakuwa ndogo sana kwa sababu chipu inakuwa imefikia kikomo chake cha volti. Usilipie tofauti ya 140 (115 + 25 za Dynamic Boost) dhidi ya 100.

Sasa kumbukumbu ya GPU, VRAM. Hii haiongezwi, unayonunua ndiyo utakayozeeka nayo. RTX 3050 ipo ya 4GB na ya 6GB, 4050 ina 6GB, 4060 ina 8GB. Magemu yako matatu ya kwanza yanaenda vizuri hata kwa 4GB. Shida ni hayo mapya. VRAM ikijaa, picha za kufunika maumbo (textures) zinahamishiwa kwenye RAM ya kawaida na kurudishwa kila zinapohitajika, kwa hiyo wastani wa fremu unaonekana mzuri lakini kila ukigeuza kamera gemu linashtuka. Kushusha ubora wa textures ngazi moja kwa kawaida hutibu. Lakini yapo magemu yanayotaka kiwango chake tangu mwanzo: Doom: The Dark Ages ya 2025 inadai GPU yenye vifaa vya ray tracing (kukokotoa mwanga na vivuli) na VRAM ya 8GB kama kiwango cha chini. Ukiweza kufika 4060, fika. Ukishindwa, 4050 ya wati 75 na kuendelea ni chaguo zuri. 3050 ya 4GB mpya usiinunue leo kama unafikiria miaka mitano.

Prosesa isikuumize kichwa sana. Kwa GPU za ngazi hii viini 6 vya kisasa vinatosha, iwe Ryzen 5 5600H, Core i5-12450H (hii ina viini 4 vikubwa na 4 vidogo) au zaidi ya hapo. Ila jihadhari na namba za Ryzen za mfululizo wa 7000. Tarakimu ya tatu ndiyo inayotaja kizazi halisi cha viini, ambavyo AMD huviita Zen: 2 ni Zen 2, 3 ni Zen 3 au Zen 3+, 4 ni Zen 4. Ndiyo maana Ryzen 5 7520U ina viini 4 vya Zen 2, na Ryzen 5 7640HS ina viini 6 vya Zen 4, ingawa zote zinaitwa Ryzen 5 za 7000. Kwa Intel, soma herufi ya mwisho. U ni ya kuokoa umeme, H ndiyo ya kazi yako, HX ni nzito zaidi na inataka upoozaji wa nguvu.

RAM: 16GB inatosha leo, lakini swali muhimu zaidi ni imepangwaje. Kadi moja ya DDR4-3200 inapitisha 25.6GB kwa sekunde, kadi mbili zinapitisha 51.2GB. Laptopu nyingi za bei ya chini huja na kadi moja, na hapo gemu linalotegemea prosesa kama Valorant linapoteza fremu nyingi bila sababu. Fungua Task Manager, Performance, Memory, usome mstari wa Slots used. Ukiona 1 of 2, umeshajua cha kununua baadaye. Ukiona RAM ni ya LPDDR, ujue karibu kila mara imelehemiwa kwenye bodi, haiongezwi, kwa hiyo chukua kiasi cha miaka mitano siku hiyohiyo.

Unaponunua kadi ya pili linganisha aina (DDR4 haiingii sloti ya DDR5), kasi, na maandishi madogo kama 1Rx8 au 1Rx16. Za 1Rx16 zina chipu chache na huwa na kasi ndogo kidogo kwenye gemu. Kadi mbili zenye kasi tofauti zitafanya kazi kwa kasi ya ile ya chini.

Mwisho chaja, na hapa watu wengi hawaangalii. Piga hesabu: GPU wati 95, prosesa 45, skrini, feni na diski kama 20. Jumla 160. Mashine kama hiyo ikija na chaja ya wati 135, utakuta betri inashuka huku umechomeka umeme, na ikifika chini GPU inapunguzwa nguvu katikati ya mechi. Betri inayotumika hivyo kila jioni huchoka haraka. Chaja inapaswa kuzidi jumla ya hesabu hiyo.

Bawaba_Imara alijibu:

Mwenzangu amemaliza upande wa nguvu, niongelee kinachokufa. Mkuu, kwenye laptopu za gemu za bei ya chini bawaba mara nyingi hutangulia chipu. Bawaba ni ya chuma, imefungwa kwa skrubu ndogo kwenye nati za shaba nyeupe, na nati zenyewe zimepachikwa kwenye vijiti vya plastiki vya kava. Bawaba ikikauka na kuwa ngumu, au mtu akiwa na mazoea ya kufungua kifuniko kwa kushika kona moja, nguvu yote inaenda kwenye plastiki ile. Nati moja inang'oka, zilizobaki zinabeba mzigo wote, kisha siku moja kava linapasuka na kebo ya skrini inabanwa. Baada ya hapo unanunua kava, bawaba na pengine skrini.

Kabla ya kununua fungua kifuniko polepole mara kadhaa huku macho yako kwenye kona ya nyuma, pale kava la juu linapokutana na la chini. Pasipoachana wala kusikika mlio wa kukatika, vizuri. Pakitanuka hata unene wa kadi ya simu, achana nayo. Shika kifuniko kwa kona mbili za juu, kipinde kidogo sana. Kikinepa kirahisi ujue skrini itapata alama za vibonye ikikaa kwenye begi lililojaa. Kifuniko cha alumini na msingi wa plastiki nene ni mchanganyiko mzuri kwa bei yako. Usitafute chuma kitupu.

Ukishaimiliki, fungua kwa kushika katikati ya ukingo wa juu, na kila unapofungua mgongo kusafisha vumbi jaribu skrubu za bawaba kama zimelegea. Bawaba ikianza kuwa ngumu, nati ya kwenye mhimili wake ilegezwe robo mzunguko mapema. Epoksi ya sehemu mbili inaweza kurudisha nati iliyong'oka kama plastiki bado ni nzima, lakini kava lililopasuka badilisha tu.

Kuhusu ile nembo ya MIL-STD-810H ambayo ASUS TUF na wengine huitangaza: majaribio yapo na yana maana, lakini mtengenezaji ndiye anayechagua ni yapi ayafanye na kwa kiwango gani, na hakuna mamlaka inayotoa cheti. Ichukulie kama dalili njema, usiilipie peke yake.

Kitu cha pili ni joto, na chanzo chake karibu kila mara ni vumbi. Vumbi hujikusanya ndani, kati ya feni na mapezi ya shaba, likafanya utando kama kitambaa. Kupuliza kutoka nje kunalisukuma likarudi kwenye feni. Lazima ufungue. Zima kabisa, chomoa chaja, toa skrubu zote za mgongo na zipange kwenye karatasi kwa nafasi zake, maana huwa na urefu tofauti na ndefu ikiingia mahali pa fupi inatoboa sehemu ya kuwekea viganja au inagusa bodi. Bandua kava kwa kipande cha plastiki ukianzia upande wa mbele, usitumie bisibisi. Jambo la kwanza baada ya kava kutoka ni kuchomoa kiunganishi cha betri. Kisha shikilia feni kwa kidole isizunguke, upulize kupitia mapezi kuelekea ndani, ufute utando kwa brashi laini. Feni ikiachwa izunguke kwa hewa ya bloa hupita kasi yake, na bearing zake huanza kulia. Mara mbili kwa mwaka ni kiasi kizuri, mara nne kama chumba kina vumbi au unaitumia juu ya zulia.

Pesti ya joto ni kazi nyingine na haina haraka. Dalili ya kuwa imeisha ni hii: mapezi ni safi, feni zinavuma vizuri, lakini prosesa inaruka hadi nyuzi 95 ndani ya sekunde chache tu baada ya kuanza kazi. Chipu za laptopu ziko wazi, hazina kofia ya chuma, kwa hiyo pesti nyepesi husukumwa nje taratibu kila chipu inapopanuka na kusinyaa kwa joto. Tumia pesti nzito, au karatasi ya kubadili hali kama PTM7950, ambayo huyeyuka ikifika nyuzi 45 hivi, ikajaza mianya na kubaki hapo. Legeza skrubu za kipoza joto kwa kufuata namba zilizochapwa pembeni yake. Wakati wa kurudisha, kaza kidogokidogo kwa kupishana pembe, usimalize moja kwanza. Safisha kwa isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Na vile vipande laini vilivyo juu ya kumbukumbu za GPU na juu ya vijenzi vya kudhibiti umeme usivitupe ovyo. Kila kimoja kina unene wake. Ukiweka cha milimita 1 mahali pa 0.5, kipoza joto kinanyanyuka juu ya chipu na joto linakuwa baya kuliko mwanzo.

Baadhi ya mashine za gemu hutumia metali ya kimiminika badala ya pesti. Ukifungua ukakuta ute unaong'aa kama zebaki, simama. Inapitisha umeme na inakula alumini. Hiyo mpelekee anayeijua.

Skrini nitasema kwa ufupi: ukiona 45% NTSC (kipimo cha wingi wa rangi) kwenye karatasi ya sifa, rangi zake ni hafifu, kazi za video utazihariri vibaya. 100% sRGB (kipimo kingine cha rangi), mwangaza wa niti 300, Hz 144 ndiyo tafuta. SSD (diski) iwe ya aina ya M.2 NVMe, na mashine iwe na sloti ya pili, saizi ya 2280 (urefu milimita 80) ikiwezekana kwa sababu za 2242 ni chache sokoni.

Mezani_Used alijibu:

Nakubaliana na wote wawili, ila kwa mtu aliyetaja uimara kabla ya gemu, mimi namshauri aangalie pia mashine za kazi nzito zilizotumika: Lenovo ThinkPad P, Dell Precision, HP ZBook. Hizi zimejengwa kwa ajili ya wahandisi, bawaba zake zimefungwa kwenye fremu ya metali, kibodi inabadilishwa, vitabu vya matengenezo vyenye picha vinatolewa bure na mtengenezaji, na vipuri vyake ni vingi kwa sababu makampuni huzinunua kwa maelfu na kuziuza kwa pamoja.

GPU zake zina majina ya kazini lakini chipu ni ndugu wa zile za gemu. Quadro T2000 ina viini 1024 vya CUDA (viini vya GPU za Nvidia) na VRAM ya 4GB, iko karibu na GTX 1650 Ti. Quadro RTX 3000 ina viini 1920 na 6GB, iko karibu na RTX 2060 ya laptopu. RTX A2000 ina viini 2560 na 4GB, karibu na 3050 Ti. Kwa mfano ThinkPad P53 ya 2019 yenye RTX 3000 ina sloti nne za RAM na betri ya 90Wh, na prosesa yake ya kizazi cha 9 inakubalika kwenye Windows 11. Hilo la mwisho ni la lazima, kwani msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Chini ya Intel kizazi cha 8 au Ryzen 3000 usishuke, na hakikisha TPM 2.0 na Secure Boot (vipengele vya usalama vya mashine) vipo, kwa sababu Valorant kwenye Windows 11 haifunguki bila hivyo.

Ukienda njia hii, nusu ya kazi ni ukaguzi. Ingia BIOS kwanza, yaani mipangilio ya mashine kabla ya Windows kuwaka (F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP). Ikikuuliza nywila usiyopewa, ondoka. Humo humo tafuta Absolute au Computrace (ulinzi wa wizi unaofuatilia mashine) uone kama imewashwa. Kisha weka Windows upya mbele ya muuzaji huku mashine ikiwa kwenye intaneti. Kama ilisajiliwa na kampuni na haikuachiliwa, wakati wa kuanzisha itakuletea ukurasa wa kampuni hiyo ukitaka akaunti ya mfanyakazi. Usajili huo umefungwa kwenye utambulisho wa bodi yenyewe, kubadilisha SSD hakuuondoi.

Baada ya hapo, fungua GPU-Z uhakiki chipu na VRAM. CrystalDiskInfo itakuonyesha Percentage Used na saa za kuwashwa za SSD. Andika powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt, ufungue faili litakalotengenezwa, ulinganishe Design Capacity na Full Charge Capacity. Ikiwa chini ya asilimia 70, weka gharama ya betri mpya kwenye mazungumzo ya bei. Bonyeza padi ya kugusa: isipobonyeka upande mmoja, au laptopu ikicheza juu ya meza iliyonyooka, betri imevimba. Hiyo usiiwashe wala kuichaji.

Jaribio lisilosamehe ni la joto. Washa HWiNFO (inaonyesha nyuzi, wati na kasi), kisha Cinebench R23 (inakamua prosesa) kwa dakika 10, kisha FurMark (inakamua GPU) kwa dakika 15, ikiwa kwenye chaja. Usiangalie nyuzi peke yake, angalia wati na kasi. Prosesa ya wati 45 ikishuka hadi 20 na kubaki hapo, upoozaji umekufa au chaja haitambuliki. Mistari ikitokea kwenye skrini, au mashine ikizima ghafla, GPU au mfumo wake wa umeme una tatizo, na kutengeneza bodi ya namna hiyo ni ghali kuliko punguzo lolote utakalopewa.

Wati_Kamili alijibu:

Mkuu Mezani, kwa ujenzi sina ubishi. Ninapotofautiana ni hapo kwenye "magemu mapya mawili matatu". T2000 haina DLSS (teknolojia ya Nvidia ya kuongeza fremu kwa kukuza picha ndogo), na VRAM yake ni 4GB. A2000 ina DLSS lakini VRAM ni hiyohiyo. Na mashine hizo hazina warranty, huku kipuri ghali kuliko vyote, bodi, mara nyingi kikiwa kimeunganishwa na GPU. Kwa mtu wa Valorant, FC na GTA V tu, ThinkPad P yenye RTX 3000 ni bora kuliko 3050 mpya ya plastiki. Kwa mtu anayetaka na mapya, 4050 au 4060 mpya yenye upoozaji mzuri itamtumikia vizuri zaidi, mradi aipe ile huduma ya vumbi na bawaba. Ukichukua used, chukua ya 6GB kwenda juu.

Kibodi_Usiku aliuliza:

Nawashukuru sana wakuu. Naona naelekea 4050 mpya ya wati 95, yenye sloti mbili za RAM. Bado mambo matatu. Itakuwa kwenye umeme karibu muda wote, betri itaharibika? Joto la nyuzi 90 na kitu wakati wa gemu ni hatari? Na chaja ikifa, naweza kununua yoyote yenye kichwa kinachoingia?

Bawaba_Imara alijibu:

Betri: kinachoiua ni kukaa asilimia 100 huku ikipikwa na joto la gemu. Programu ya mtengenezaji, au BIOS, ina kikomo cha kuchaji. Weka 80, au 60 kama ipo na huitoi mezani. Iondolee kikomo siku unaposafiri tu. Na gemu cheza ukiwa kwenye umeme, kwani betri haiwezi kutoa wati 140 na GPU itabanwa hata hivyo.

Joto: prosesa kugusa 90 hadi 95 kwa muda mfupi si ajali, chipu hizi zimepangiwa hivyo na hujipunguza zenyewe. GPU ikikaa juu ya 85 muda wote ndiyo utafute sababu. Nyanyua nyuma ya laptopu sentimita 2 au 3, maana feni hunyonya kutoka chini, na usiiweke juu ya godoro. Weka kikomo cha fremu kulingana na unachohitaji. GTA V kwa fremu 90 badala ya 140 inapunguza wati nyingi na hutaona tofauti kubwa.

Ipo pia njia ya kuzima turbo ya prosesa, yaani kasi ya ziada juu ya ile ya msingi. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /setacvalueindex scheme_current sub_processor PROCTHROTTLEMAX 99, bonyeza Enter, kisha powercfg /setactive scheme_current. Kwa prosesa kama Ryzen 5 5600H, ambayo kasi yake ya msingi ni 3.3GHz, joto linashuka sana na kwenye gemu linalotegemea GPU hupotezi kitu cha kuhisi. Kwa Core i5-12450H usifanye hivyo, msingi wake ni 2.0GHz na gemu litakuwa zito. Hiyo ipunguzie wati kwenye programu ya mtengenezaji, tumia hali ya kati badala ya Turbo. Kurudisha, weka 100 mahali pa 99.

Chaja: soma kibandiko cha ile ya zamani. Volti lazima zilingane, 19.5 au 20, na ampea ziwe sawa au zaidi. Zidisha upate wati: 20V mara 8.5A ni wati 170, 20V mara 11.5A ni 230. Kuwa na ampea nyingi hakuidhuru mashine, inachukua inachohitaji. Ila kwa Dell na HP kuna pini nyembamba katikati ya kichwa inayoitambulisha chaja. Chaja ikiwa bandia au pini ikipinda, laptopu itawaka, lakini prosesa itashushwa kasi na betri inaweza kukataa kuchaji, na wengi hudhani bodi imekufa. Kabla ya kumpelekea fundi wa bodi, jaribu chaja nyingine ya asili.

USB-C ya wati 65 au 100, kama mashine yako inaikubali, inafaa kwa kazi za mchana tu. Ukiwa safarini na hati zako inakuepusha na ile chaja nzito. Ukifungua gemu juu yake utarudi kwenye tatizo lilelile la betri kushuka ukiwa umechomeka.

Mezani_Used alijibu:

Nyongeza ndogo kwa hiyo 4050: kabla hujalipa, muulize muuzaji kama kufungua kava kuongeza RAM kunafuta warranty, na kama kuna kibandiko juu ya skrubu. Ukishaifikisha nyumbani fanya jaribio la Cinebench na FurMark wiki ya kwanza, uhifadhi picha ya HWiNFO yenye nyuzi, wati na kasi. Miezi sita baadaye rudia jaribio lilelile, chumba kikiwa na joto linalokaribiana. Prosesa ikiwa imepanda nyuzi 8 au 10 kwa wati zilezile, safisha vumbi. Ukishasafisha na bado haishuki, ndipo uguse pesti.